Mashine ya Umeme ya Kuchana Nyasi: Misimu Mitatu Nayo

Mashine hii ninayo kwa misimu mitatu sasa, na nimeiwasha mara nne tu. Mara ya kwanza iliniacha nimekaa barazani nikitazama uwanja uliokuwa kijani asubuhi ile umegeuka rangi ya mkeka uliochakaa, nikijiuliza kama dukani wangekubali niirudishe ikiwa na udongo kwenye visu. Mara ya nne, juzijuzi, nilimaliza kabla jua halijawa kali, nikaipangusa, nikairudisha stoo, na wiki tatu baadaye mgeni asingejua kwamba kuna kitu kilipita pale. Mashine ni ileile. Kwa hiyo alama nitakazoipa, nyingine ni zangu mwenyewe, nzuri na mbaya.

Niseme kwanza ni kitu gani, maana binti yangu alipoiona ndani ya boksi aliuliza, "Mama, si mashine ya kukata nyasi tunayo?" Hii haikati. Umbo ni lilelile, magurudumu manne na mpini wa kusukumia, lakini chini yake hakuna kisu kinachozunguka kama feni. Kuna rola iliyolala, na juu ya rola hiyo unafunga springi nyembamba za waya au visu vidogo vya chuma, utakavyochagua. Kazi yake ni kushuka katikati ya majani mabichi na kuchomoa kilichojilaza chini: mabua yaliyokufa, mashina yanayotambaa yaliyokauka, mizizi mikavu, vyote vimeshikana kama pamba iliyokanyagwa. Mimi tabaka hilo naliita godoro, kwa sababu ndivyo mguu unavyolisikia.

Godoro langu nililigundua kwa maji. Nilikuwa nikimwagilia dakika ishirini nzima, maji yanateleza juu na kukimbilia kwenye njia ya saruji, na nikichokonoa kwa kidole chini nakuta udongo mkavu kama unga. Kisha mashine ya kukata nyasi ikaanza vituko. Urefu niliouweka ni wa siku zote, lakini magurudumu yanazama, kisu kinashuka nayo, na nyuma yangu yanabaki mabaka ya kahawia kama nguo iliyounguzwa na pasi. Nikanoa kisu. Nikapandisha magurudumu. Mabaka yakaendelea. Siku moja nikapita pale pekupeku kuanua nguo, nikahisi kisigino kinazama halafu kinanyanyuliwa. Nikaenda jikoni nikachukua kisu cha zamani.

Hatua hii ningependa kila mtu aifanye kabla ya kusoma tathmini ya mashine yoyote, hata hii yangu. Kata kipande cha pembetatu kama cha keki, kina cha sentimita 7 au 8, kinyofoe taratibu, kitazame ubavuni. Juu kijani, chini udongo, na katikati yake kitu chenye rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Hilo ndilo godoro. Likandamize kidogo kwa vidole kabla ya kupima, kwa sababu likiwa limevimba litakudanganya. Mimi ni fundi cherehani, tepu haitoki shingoni. Nilipima sehemu tano. Katikati ya uwanja nilipata sentimita 3, pembeni 2 na nusu, karibu na ukuta 1 tu.

Sentimita moja na robo hivi si ugonjwa. Kiasi hicho kinasaidia: kinakinga udongo na jua, kinazuia unyevu kukimbia, kinapokea uzito wa nyayo. Likizidi hapo ndipo hesabu inageuka. Kwenye kipande changu mizizi myeupe, ile hai, ilikuwa imejikunja ndani ya godoro lenyewe na haikujisumbua kushuka udongoni. Godoro halishiki maji kama udongo, kwa hiyo siku mbili bila kumwagilia zilitosha kuyafanya majani yajikunje. Wadudu na kuvu nao wanapapenda mahali kama hapo, pana giza na unyevunyevu, na dawa ukipulizia inaishia juujuu.

Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa vile vipande vinavyoachwa na mashine ya kukata. Miaka mingi nilivikusanya vyote na kujisifu kwa usafi. Nilimwonea. Sehemu kubwa ya kipande cha jani ni maji, kinaoza upesi na kurudisha mbolea udongoni. Godoro linajengwa na vitu vigumu, mashina na mizizi, vyenye lignini nyingi, ile inayoupa mmea ugumu, ambayo vijidudu vya udongo huchelewa kuitafuna. Vikifa kwa kasi kuliko vinavyooza, tabaka linapanda. Na nani alikuwa akizikimbiza nyasi zangu kwa kasi hiyo? Mimi, na mbolea ya naitrojeni kila mwezi, na maji kila jioni. Udongo ulioshindiliwa unaongeza, udongo wenye asidi nyingi unaongeza, na dawa zinazoua nyungunyungu ndizo mbaya kuliko zote, maana nyungunyungu ndio wafanyakazi wenyewe.

Nyasi nazo zina tabia zake. Ukoka, zoisia na nyasi za kikuyu hutambaa na kujifuma, godoro ni jadi yao. Zile zinazoota kwa mashada, kama raigrasi, mara chache hufika huko. Mwenye nyasi za aina hiyo anaweza kuachia hapa akaendelea na shughuli zake, mashine hii haimhusu.

Kabla ya mashine nilinunua reki. Si reki ya majani. Hii ina meno mapana ya chuma yaliyokunjwa kama mwezi mchanga, yenye makali, na kichwa chake kinabadilishwa mwinamo kwa kulegeza nati mbili. Unavuta, meno yanazama na kuchana, unasukuma, yanajisafisha. Nzuri mno, kweli. Inakwenda mahali popote, haina waya, na mkono unasikia pale godoro linapoishia na udongo unapoanza, kitu ambacho mashine haitakuambia kamwe. Lakini uwanja wangu ni mita za mraba 120, na nilipofika kama 30 nilikuwa na malengelenge mawili kiganjani na bega halinyanyuki. Siku mbili sikuweza kushika mkasi, na kuna gauni la watu lililokuwa linasubiri pindo. Kwa eneo dogo, au kwa vijana watatu wanaopokezana, ningesema nunua reki na uishie hapo. Mimi niko peke yangu na nina bega moja zuri.

Basi mashine. Ya kwangu ina mota ya wati 1,500, inachana upana wa sentimita 36 kwa mkupuo, inakuja na rola mbili na mfuko wa kukusanyia wa lita 40. Rola moja ina springi ishirini, nyingine visu kumi na sita. Kubadilisha rola ni bolti mbili, dakika tano ukiwa umezoea, ishirini na matusi mara ya kwanza. Pembeni kuna mkono wa kupanga kina: nafasi ya kusafirishia, kisha sifuri, kisha milimita 4 chini, 8, na 12. Mkono huo mdogo wa plastiki ndio mashine yenyewe. Mengine yote ni magurudumu na kelele.

Kijitabu cha maelekezo kinasema: chagua kina kulingana na hali ya nyasi zako. Basi. Sentensi moja. Kurasa tatu za jinsi ya kufunga mpini, michoro na mishale, halafu jambo linaloamua kama nyasi zitaishi au zitakufa wamelipa sentensi moja. Ni kama kumpa mwanafunzi kitambaa cha hariri na kumwambia akate kulingana na mwili wa mteja, bila tepu.

Mimi nikafikiri kama mtu aliyechoka. Godoro ni sentimita 3, kina cha mwisho cha mashine ni milimita 12, basi weka mwisho kabisa, tena kwa visu, yaishe. Zaidi ya hapo, wakati haukuwa wenyewe. Joto lilikuwa linaondoka, ukoka umeanza kupunguza mwendo, na usiku wa kuamkia siku ile ilinyesha mvua ndefu. Nilidhani udongo laini utarahisisha kazi.

Udongo uliolowa haushiki mizizi. Visu havikukata, vilivuta. Pasi ya kwanza ilitoka na mistari iliyonyooka na nikafurahi, nikageuza nikarudi, na kufika katikati nikaona kwamba nyuma yangu hazitoki mabua makavu pekee, kunatoka mikeka mizima, kijani juu na mizizi chini, kama bitana linapobanduka. Ningeacha pale. Sikuacha, kwa sababu nusu ya uwanja ilikuwa imeshakuwa hivyo na niliona aibu iwe nusu. Mshonaji yeyote anajua kosa hilo: umekata mkono mmoja wa gauni mfupi, unakata na wa pili ulingane.

Kona ya chini ndiyo iliyonifundisha. Pale nilikuwa na nyasi za majani mapana, zile zinazotambaa kwa mashina manene juu ya ardhi, wala si ukoka. Ukoka una mashina ya juu na mengine yaliyozama chini ya udongo; ukiuchubua juu, wa chini unachipua. Nyasi za majani mapana hazina akiba hiyo. Mashina yake yote yako juu, ndani ya godoro lilelile unalotaka kulitoa. Ukilitoa lote, umeutoa mmea wote. Visu vyangu vilipita pale mara mbili kwa njia panda, na kona ile haikurudi. Niliipanda upya kwa vipando, kimoja kimoja, nimepiga magoti. Kwa nyasi za aina hiyo visu vinatakiwa viwe mbalimbali, karibu sentimita 7 na nusu baina ya kisu na kisu, na pasi iwe moja tu. Kwenye mashine yangu nafasi baina ya visu haibadilishwi. Hiyo ni kasoro ya kweli, siyo yangu, na anayeuza anapaswa kuisema.

Ukoka ulikaa mwili wazi msimu mzima wa baridi. Mahali pa udongo mtupu pakaingia magugu, maana mwanga sasa ulifika chini na mbegu zilizokuwa zimelala zikaamka. Joto liliporudi ndipo ukoka ukaanza kutembea tena, na kufunga uwanja kulichukua karibu miezi miwili. Katika muda huo niliishiwa majibu ya kuwapa watu waliopita wakauliza kama tunajenga.

Wakati unaofaa basi ni upi? Kanuni niliyoishia nayo ni moja: chana wakati nyasi zina nguvu ya kupona, na mbele yake kuna angalau mwezi mmoja au mwezi na nusu wa hali ya hewa zinayoipenda. Kwa nyasi za joto, kama ukoka na zoisia, ni pale joto linapokuwa limekwisha kaa sawasawa, zimerudi kuwa kijani, umezikata kama mara mbili, na bado miezi yote ya joto iko mbele. Kwa nyasi zinazopenda ubaridi, ni mwisho wa miezi ya joto kuelekea siku za kupoa, au mwanzoni kabisa mwa majira ya kuchipua. Pasipo na baridi kali, fuata mvua: ngoja zianze, nyasi zianze kukimbia, ndipo uchane, usifanye kiangazi kikiwa kimekaza. Na kama nyasi zimesinyaa kwa ukame, kwa joto kali au kwa ugonjwa, mashine ibaki stoo. Usimnyoe mgonjwa.

Mara ya pili nilijipanga kama ninayekata kitambaa kisichopatikana tena. Siku mbili kabla nilimwagilia vizuri, ili siku ya kazi udongo uwe na unyevu lakini usigande kwenye kiatu. Ukiwa mkavu kabisa ni tatizo la aina nyingine, mashine inarukaruka na kugonga vikonyo vya nyasi. Nikakata nyasi fupi, karibu nusu ya urefu wake wa kawaida, nikafagia. Nikachomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu kwenye kila kichwa cha bomba la kunyunyizia, maana mara ya kwanza nilikipiga kimoja kikaruka mpaka kwenye dirisha. Nikafunga rola ya springi. Nikaweka sifuri.

Sifuri maana yake springi zinagusa uso wa udongo na haziingii. Jaribu mahali pasipoonekana, urefu wa hatua tatu, zima, chomoa waya, piga magoti utazame. Ikiwa kinachotoka ni kahawia na kijani kimebaki kimesimama, umepata. Ikiwa hakitoki kitu, shuka nafasi moja. Ikiwa mizizi inatoka na udongo, panda. Jaribio hilo linachukua dakika kumi, na kwenye kijitabu halimo.

Nilipita mara moja kwa urefu na mara moja kwa mapana, mwendo wa kutembea na mtoto mdogo. Hapa ndipo mashine inapostahili sifa zake. Rola ya springi ni kazi safi kabisa. Inachana bila kung'oa, inainua majani yaliyolala, na sauti yake inabadilika ikifika palipo nene, inakuwa nzito, kama cherehani ikifika kwenye mshono wa jinzi. Mita 120 zilinichukua saa moja na robo, pamoja na kuhamisha waya.

Na ilichotoa! Sikuamini uwanja ule ule ulikuwa umebeba vyote hivyo. Magunia kumi na moja, nimeyakanyaga. Ndani yake: vibanio vya nguo saba, vifungo ambavyo sikuhesabu, na subana yangu ya fedha iliyopotea miaka minne nyuma, imepinda kidogo upande mmoja. Nimeinyoosha, naivaa hadi leo.

Mfuko wa kukusanyia uvue siku ya kwanza na uutundike mahali. Lita 40 kwenye kazi hii zinajaa kwa mita nne, tano, halafu unasimama, unazima, unafungua, unamwaga, unafunga, unawasha. Bila mfuko mashine inatupa nyuma, na baadaye unakusanya yote kwa reki ya majani. Tena bila mfuko unaona inachotoa, na hilo ni muhimu kuliko usafi. Vaa miwani tu, na kiatu kilichofunika vidole, kwa sababu kokoto nazo zinatoka.

Waya ni kero. Nimezoea kuanzia karibu na soketi na kufanya kazi nikielekea mbali, waya ukiwa begani, usibaki kamwe mbele ya rola. Soketi yenyewe iwe na kinga inayokata umeme ukivuja. Na kabla ya kuingiza mkono chini kutoa kilichokwama, chomoa waya kabisa, usitegemee swichi.

Springi tatu zimekatika katika matumizi manne. Moja ilikuwa kosa langu, mzizi wa mti. Mbili zilikatika zenyewe kwenye shingo, palepale, jambo linaloniambia chuma pale ni laini. Nilipouliza springi za akiba, muuzaji akanijibu kwamba haziuzwi mojamoja, nichukue rola nzima. Springi tatu, rola nzima! Nilisema nitashona hivyo hivyo. Sasa natumia na mapengo matatu, na ukitazama kwa makini baada ya pasi moja utaona mistari mitatu hafifu isiyochanwa vizuri. Pasi ya pili ya njia panda inaifuta.

Jioni ya siku hiyo ya pili nilimwagilia, na kesho yake nikatia mbolea, mara hii kwa kipimo. Naitrojeni nusu kilo kwa kila mita za mraba 100 inatosha kuzisukuma zipone. Uwanja wangu unahitaji gramu 600. Mbolea yangu ina asilimia 20 ya naitrojeni, kwa hiyo ni kilo 3 za mbolea, zimepimwa kwenye mizani ya jikoni, basi, mpaka msimu mwingine. Zamani nilikuwa nachota kwa kopo. Kisha nikatandaza mboji iliyochekechwa, unene wa nusu sentimita, toroli kumi za lita 60, nikaisukumia chini kwa ufagio. Mboji inaleta vijidudu kwenye mabua yaliyobaki ili wamalize kazi kule visu vinakofika kwa hasara. Kilichotoka kwenye magunia nacho kilikwenda kwenye lundo la mboji, ila kama ungekuwa umepulizia dawa ya magugu karibuni, usikirudishe kwenye bustani ya mboga.

Nikapima tena wiki ya sita. Sentimita 2. Unaona, sikumaliza lote kwa siku moja, na sikutaka. Kutoka 3 kwenda 1 kwa mkupuo mmoja ndiko kulikonipeleka barazani siku ile. Mwaka uliofuata nilichana tena kwa springi, nafasi ya milimita 4 chini katikati na sifuri pembeni, nikafika sentimita moja na nusu. Mtu mwenye godoro la sentimita 5 au zaidi, kwangu mimi, asinunue chochote: mizizi yake yote inaishi humo, na chochote kitakachochana kitabeba uwanja wote. Afadhali abandue, achimbue, apande upya.

Rola ya visu iko kwenye boksi lake tangu ule msimu wa kwanza. Siioni mbaya, ukoka mzito sana kwenye mikono inayojua ungeihitaji. Kwangu imebaki kama mguu wa cherehani wa kushonea zipu zilizofichwa: inakuja na mashine, unaiangalia, unaifunga.

Kuna jambo jingine lililoniharibia hesabu ya mashine kwa uzuri. Binti yangu, ambaye hapendi kelele, alisema, "Mama, si ungetoboa tu?" Akaleta kile chombo cha kukanyaga kwa mguu chenye mirija miwili inayotoa vidonge vya udongo, kama sentimita 7 kila kimoja. Tuliviacha vidonge juu ya nyasi vikauke na kuvunjika. Udongo ule unashuka ndani ya godoro na vijidudu vyake, hewa na maji vinaingia matunduni, na godoro linaliwa kutoka chini. Tumefanya hivyo kila msimu tangu hapo, nimepunguza mbolea, namwagilia mara chache lakini kwa kina, na vipande vya kukatia naviacha vilalie palepale. Mara ya nne, hii ya juzi, ilitoa magunia matatu tu. Nadhani mwakani sitaiwasha kabisa.

Kwa hiyo alama: rola ya springi tisa kati ya kumi. Mkono wa kina nane, unashika mahali pake hata baada ya kugongwa. Springi zenyewe kama vyuma, tano. Mfuko, mbili, kwa sababu nautumia kubebea vibanio vya nguo. Kijitabu, sifuri. Yote kwa jumla saba, na ningeinunua tena kama godoro langu lingekuwa sentimita 3 na ukoka uwe ukoka.

Wiki iliyopita jirani yangu mzee alinisimamisha getini. "Fundi, niazime ile mashine yako. Nyasi zangu hazinyanyuki." Nikaipakia kwenye toroli, nikachukua na kisu na tepu. Tulikata vipande vitatu, yeye akashika, mimi nikapima. Milimita 8, 7, na 9. Chini ya nyasi udongo ulikuwa mgumu kama kigae. Kisu hakikuingia mpaka nikakisukuma kwa mikono miwili.

"Mzee, hapa hakuna cha kuchana," nikamwambia. "Udongo ndio umefunga. Nitamtuma binti akuletee kile cha kutoboa."

Akaitazama mashine kwenye toroli, akanitazama mimi. "Na hii umeisukuma mpaka huku bure?"

"Nimeisukuma bure," nikasema, nikageuza toroli.